Kitoweo Kilichotiwa Koponi

Katika Kiswahili chakula na kitoweo si kitu kimoja. Mtu wa Jego, kule kusini mwa Kwale karibu na Vanga, anapokula sima kwa kunde au wali kwa samaki, sima na wali ndicho chakula. Samaki na kunde ni vya kuteremshia tonge. Lugha imekwisha kupanga ngazi: tonge ni kubwa, kitoweo ni kidogo, na mgeni anayemaliza kitoweo kabla ya wali huchekwa na watoto.

Ninaanza na jambo hili la kiisimu kwa sababu ya bidhaa ambayo siku hizi inapendwa sana na vijana wetu, walimu na wanafunzi, wanaotaka kupunguza unene: unga wa protini. Mwalimu mmoja kijana niliyezungumza naye huko Jego alinilalamikia hivi: "Mwalimu, nimemaliza kopo zima na mwili haukupungua, umezidi." Nikamuuliza kama alikuwa amepunguza chakula. "Chakula nakula kama kawaida. Kwani unga huu si dawa?"

Si dawa, na kopo moja huuzwa kwa maelfu kadhaa ya shilingi, fedha ambazo mshahara wa mwalimu mpya hauzitoi kwa furaha. Aghalabu unga huo hutokana na yale maji yanayobaki maziwa yakigandishwa ili kupata jibini. Zamani viwanda vya Ulaya na Marekani viliyamwaga au kuwanywesha nguruwe. Leo hukaushwa, hutiwa ladha ya vanila na kuuzwa kwetu katika makopo yenye picha za wanaume waliotuna misuli. Kipimio kimoja cha gramu 30 huwa na protini kati ya gramu 20 na 25, na nishati ya kilokalori zipatazo 120. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina nishati kama hiyo hiyo. Basi anayekunywa vipimio viwili kwa siku juu ya sima yake ya kila siku, bila ya kupunguza kitu, ameongeza vijiko viwili vya mafuta, ila hakuviona.

Je, protini haina kazi yoyote katika kupunguza shahamu? Inayo, tena kubwa. Mwili upatao nishati pungufu kuliko unavyotumia hula akiba yake, lakini hauchagui shahamu peke yake. Humega na misuli. Protini ya kutosha, pamoja na kazi za nguvu, huilinda misuli hiyo. Pia protini hushibisha kwa muda mrefu, na mwili hutumia kati ya asilimia 20 na 30 ya nishati yake katika kuimeng'enya tu, ilhali kwa wanga ni asilimia 5 hadi 10. Hata hivyo, upungufu wa nishati ndio unaoondoa shahamu. Protini ni mlinzi, wala si mchomaji.

Na tumbo haliulizi kama protini imetoka koponi au baharini. Mashirika ya kimataifa ya afya na chakula hukadiria kwamba mtu mzima mwenye afya ahitaji gramu 0.83 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kwa anayejipunguza, wataalamu wengi hupendekeza gramu 1.2 hadi 1.6. Mwenye kilo 80, basi, atahitaji gramu 96 au zaidi. Minofu ya samaki ya gramu 150 mara mbili kwa siku humpa kama gramu 60, mayai mawili 12, bakuli la kunde au pojo zilizopikwa kama 15, na kiasi kinachobaki hutoka katika nafaka yenyewe. Haya yote yanapatikana Jego. Kinachotakiwa ni kuigeuza ile ngazi ya lugha: kitoweo kiwe kikubwa, tonge liwe dogo, na tui lisiwe zito.

Neno lenyewe lina historia ya kubebeshwa mzigo. Mulder, mwanakemia wa Uholanzi, alilitumia mwaka 1838 kwa shauri la Berzelius wa Sweden, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kilicho cha kwanza. Katika miaka ya 1950 na 1960 wakubwa wa dunia waliamini kwamba tatizo kuu la njaa katika nchi maskini ni uhaba wa protini, nao wakatafuta tiba katika unga, hata unga wa samaki. Mwaka 1974 Donald McLaren aliikosoa vikali imani hiyo katika jarida la Lancet: wengi wa watoto hao walikosa chakula chenyewe. Wakati ule unga uliahidiwa kunenepesha. Leo unaahidiwa kukondesha.

Sisemi kopo litupwe. Mzee asiyeweza kutafuna, au mtu asiyekula samaki wala nyama, huenda likamfaa. Ila watu wazima wengi wa Afrika, hasa wasiotoka katika jamii za wafugaji, hawaimeng'enyi vyema sukari ya maziwa, na unga usiosafishwa sana huwaletea gesi na kuhara. Mwenye maradhi ya figo asiuguse kabla ya kumwona daktari. Nao wanafunzi walio bado kukua, ambao wameanza kuacha staftahi na kunywa kipimio kimoja badala yake, wangepewa bakuli la mbaazi na yai la kuchemsha wakaenda darasani.