Dakika 15: kipimo cha haraka cha tauni katika vituo vyetu

Watu wa Djugu, Mahagi na Aru hawahitaji kuambiwa kwamba tauni ingali iko. Wengi wanaiita peste. Katika mwaka wa 2020, kuanzia Juni mpaka katikati ya Julai, zoni ya afya ya Rethy peke yake ilihesabu wagonjwa 45, na 9 kati yao walikufa. Mgonjwa wa kwanza kujulikana alikuwa msichana wa miaka 12. Aliumwa kichwa, akapata homa, kikohozi na uvimbe, akafa siku ile ile.

Ugonjwa huu unaletwa na bakteria inayoishi katika panya na viroboto wao. Panya wakifa, viroboto wanatafuta damu pengine, na mtu anayelala chini karibu na magunia ya mahindi ndiye wanayemkuta. Wakimbizi wa vita wanalala hivyo kila usiku. Baada ya siku chache, kwa kawaida 1 mpaka 7, homa inapanda ghafula na mtoki unavimba kwenye kinena, kwapani ao shingoni. (Wafilisti, tunasoma katika Samweli wa Kwanza, walirudisha Sanduku pamoja na sanamu za dhahabu za majipu na za panya. Wafafanuzi wengi wanaona tauni pale, na sisi hatuwezi kuwakatalia.) Bakteria ikifika kwenye mapafu, mgonjwa anaweza kuambukiza wengine kwa kikohozi, na asipopata dawa mapema ni vigumu sana apone.

Dawa zipo, na si za ajabu: gentamisini, streptomisini, doksisiklini, siprofloksasini. Shida ni kutambua. Homa na maumivu ya kichwa, kwetu, kila mtu anasema malaria. Zamani uhakika ulitoka tu katika maabara: waliotesha bakteria mpaka ionekane, kazi ya siku kadhaa, tena baada ya sampuli kusafiri kwa pikipiki na kwa ndege. Jibu lilifika mgonjwa amekwisha kupona ao kuzikwa.

Ndiyo sababu tunataka kueleza kipimo cha haraka. Kilitengenezwa na watafiti wa Institut Pasteur ya Madagaska pamoja na wenzao wa Paris, na kazi yao ilitangazwa mwaka 2003. Ni ukanda mdogo kama ule wa malaria. Bakteria ya tauni, ikiwa ndani ya mwili wenye joto la mtu, inajifunika kwa utando wenye protini inayoitwa F1. Ukanda unatafuta protini hiyo. Mwuguzi anaingiza sindano katika mtoki, anavuta maji kidogo, anatia ukanda, anangoja dakika 15. Mistari miwili: F1 imeonekana. Mstari mmoja wa juu: haikuonekana. Mstari wa juu ukikosekana, kipimo kimeharibika na inafaa kurudia kwa ukanda mwingine. Hakuna umeme, hakuna mashine. Na kwa kuwa kinatafuta protini, si bakteria yenye uhai, kinaweza kuonyesha kitu hata kama mgonjwa alikwisha kumeza dawa njiani.

Lakini kina mipaka, na hapa tunaomba wasomaji wasimame kidogo. Kwa maji ya mtoki kinafanya kazi vizuri. Kwa makohozi ni jambo lingine. Mgonjwa wa mapafu mara nyingi anatoa mate tu, mtoto hawezi kutoa hata hayo, na majibu yanadanganya. Madagaska walijifunza hilo mwaka 2017, wakati tauni, zaidi ile ya mapafu, ilipofika mijini: wagonjwa zaidi ya 2 400 waliandikwa, 209 walikufa, na wengi walioandikwa hawakuweza kuthibitishwa. Tangu 2021 mwongozo wa Shirika la Afya Ulimwenguni unakubali ukanda kwa mtoki. Kwa makohozi unataka vipimo vingine vya maabara viandamane nao. Kwa hiyo sampuli ingali inapaswa kutumwa, hata baada ya mistari miwili.

Tena dawa haingoji kipimo. Mwuguzi akishuku tauni, anachukua sampuli na kuanza sindano saa ile ile. Tumesikia watu wakisema, «Kipimo kimekataa, turudi nyumbani.» Hapana. Mstari mmoja haumtoi mgonjwa kitandani ikiwa dalili zinasema mengine. Mganga ndiye anayeamua.

Sasa, kipimo hiki kinahusu nini kanisa? Kwanza, saa. Tunajua mahali ambapo mgonjwa anapelekwa kwenye chumba cha maombi siku mbili, tatu, kabla ya kuona kituo cha afya. Katika tauni ya mapafu siku moja inatosha kumpoteza, na wanaomzunguka wakiomba wanavuta pumzi yake. Mchungaji anaweza kuomba kando ya njia ya kwenda kituoni. Mungu anasikia pale pia. Wale waliomhudumia mgonjwa wa mapafu wanapewa dawa ya kinga kwa siku 7, hata kama hawana homa.

Pili, maneno ya vijijini. Watu watatu wa nyumba moja wakifa katika juma moja, mtu anatajwa: mjane fulani, mke mwenza, jirani waliyegombana naye shamba. «Ni sumu.» «Ni ulozi.» Ukanda wenye mistari miwili, ukisomwa siku ile ile mbele ya familia, unaweza kuokoa mzee wa watu asipigwe ao kufukuzwa. Kwetu sisi hilo ni kubwa sawa na dawa yenyewe.

Vipande hivi havipatikani kila mahali, na vina tarehe ya mwisho kama dawa. Tunaomba kamati za afya za parokia ziulize mapema, kabla ya msimu, kama kituo chao kinavyo. Na mkiona panya wanakufa ovyo nyumbani ao shambani, msiwashike kwa mkono, na msingoje mtu augue: mpelekeeni habari mwuguzi siku hiyo.