Dungu Nalo ni Darasa

Ukiiacha Kibiti ukaelekea mabondeni au kwenye delta ya Rufiji wakati wa mpunga, utaona vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo ndefu katikati ya mashamba. Hayo ndiyo madungu. Mchana watu huamia ndege kutoka humo. Usiku hulinda mpunga usiliwe na nguruwe na viboko. Familia nyingine hukaa huko kwa majuma, nyingine kwa miezi, na aghalabu watoto huhama pamoja na wazazi wao.

Desturi hii ina historia. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, wakazi wengi wa bonde la Rufiji walihamishiwa vijiji vya ujamaa kwenye miinuko. Nyumba zikapanda juu, lakini rutuba ya mpunga ilibaki chini. Basi kila msimu mkulima hulifuata shamba lake, na shule hubaki kijijini.

Hapo ndipo penye hasara. Mtoto aliyeanza kuunganisha silabi mwezi wa Januari, akikaa dunguni miezi miwili bila kushika kitabu, akirudi hukuta wenzake wamekwisha mwacha nyuma. Huona haya, hunyamaza, kisha huanza utoro. Watu husema ni mzito wa akili, kumbe hakuna aliyemfungulia kitabu.

Hatusemi kwamba dungu lichukue nafasi ya shule. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto ameandikishwa na anahudhuria. Abakiye na jamaa kijijini ili asome ndiye mwenye bahati. Lakini yule asiye na pa kubaki hapana budi asaidiwe huko huko aliko.

Kazi yenyewe ni kitabu

Tangu mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, taifa lilikumbushwa kwamba elimu haitengani na kazi. Na katika mradi wa kisomo ulioendeshwa kwa msaada wa UNESCO kandokando ya Ziwa Victoria, kuanzia mwaka 1968 hadi 1972, watu wazima walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyohusu pamba, migomba na uvuvi wao wenyewe. Lililowafaa wazazi haliwezi kukosa kuwafaa watoto.

Tuanze na hesabu. Pishi moja ni vibaba vinne. Basi mama anapopima mchele, mtoto na aseme pishi tano ni vibaba vingapi. Shibiri mbili ni mkono mmoja, na mikono minne ni pima moja. Na apime urefu wa mtumbwi, kisha aandike. Boriti za mikoko huhesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Muulize korija tatu na nusu ni boriti ngapi. Akijibu sabini, amefanya hesabu ya darasani bila ubao wala chaki.

Ijayo ni sayansi. Mchomekeeni kijiti ukingoni mwa mto, pale maji ya bahari yanapofika. Kila siku aandike saa ambayo maji yamejaa kabisa. Baada ya siku chache atagundua mwenyewe kwamba maji huchelewa kwa kiasi cha dakika 50 kila siku. Akiutazama na mwezi, ataona kwamba bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Mpeleke pia mikokoni. Mkoko husimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu. Mchu huchomoza mizizi yake topeni kama penseli, ipate kuvuta hewa. Na achore, aandike majina.

Jioni iwe ya kusoma. Kurasa mbili zatosha. Mkubwa asome, mdogo afuate kwa kidole, kisha wabadilishane. Mzazi asiyejua kusoma asijitenge: yeye na asikilize, aulize, “Kisha ikawaje?” Bibi akisimulia hadithi, mtoto aiandike daftarini na kesho amsomee. Hivyo hadithi ya bibi yenyewe itakuwa kitabu cha nyumba.

Nawe uliye mjini

Mfanyakazi wa Dar es Salaam, usidhani habari hii haikuhusu. Huenda mwanao yuko kwa bibi yake huko Mbwera au Salale. Badala ya kutuma sukari peke yake, tuma na kitabu. Na hata kama huna jamaa Rufiji, nawe unalo dungu lako. Ni meza ya biashara ambapo mtoto hukusaidia jioni, au jiko ambapo hupepeta mchele kando yako. Muache arudishe chenji, asome maandishi ya pakiti, apime unga. Usimfokee akikosea, mpe nafasi ahesabu tena.

Wako watakaosema, “Nachoka, nitasoma naye saa ngapi?” Wa dunguni naye huchoka, ameshinda akirusha mawe kwa kombeo tangu alfajiri. Robo saa humtosha, na tofauti yake huonekana siku mtoto anaporudi darasani, anapoitwa asome, akasimama bila hofu.

Basi msimu ujao, familia inapofunga mizigo ya kwenda shambani, kitabu kimoja, daftari na kalamu viwekwe pamoja na jembe na chungu. Si mzigo mzito.