Jibu Linaloingia Huenda Si Jibu

Wengi huamini kwamba chemshabongo ya maneno ni mchezo wa wajuzi: anayejua mito na miji mikuu hushinda, asiyejua huishia kuikodolea macho miraba mitupu. Lakini kujua ni nusu ya kazi, tena nusu iliyo rahisi. Kazi yenyewe ni kulitilia shaka jibu ambalo limekwisha kuingia. Chukua kidokezo ambacho msomaji wa Nyankunde, mkoani Ituri mashariki mwa Kongo, hahitaji kamusi kukijibu: ziwa lililo kati ya Ituri na Uganda, herufi 6. Kijana ataandika ALBERT. Mzee aliyesoma enzi za Zaire anaweza kuandika MOBUTU bila kusita, maana ndilo jina ziwa lilipewa wakati huo, nalo lina herufi 6 vilevile. Kidokezo hakiwaamui. Neno la wima linaloanzia herufi ya tatu linauliza mji mkuu wa Ituri: BUNIA, na hapo mtego unanoga, kwa kuwa majina yote mawili yana B mahali hapo. Kila mmoja ataona amethibitishwa, kumbe ushahidi unaomkubali kila mtu haujampa yeyote haki. Mpaka lije la wima katika herufi ya kwanza, mji wa Ituri wenye herufi 3, ndipo ARU inamfuta Mobutu. (Wangeulizwa wenye herufi 7, MAMBASA ingemrudisha.)

Atasema mtu: vitendawili tunavyo tangu zamani, ya nini miraba? Kitendawili kina utamu wake, ila jibu limo mkononi mwa mtegaji. Ukishindwa unampa mji, naye anafumbua; jibu lako hata likiwa na mantiki halina pa kukata rufaa. Katika fumbo la miraba, ambalo Arthur Wynne alichapisha la kwanza katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, maneno yanayokatana ndiyo mahakama. Wengine hudai Kiswahili hakifai, kwa kuwa silabi karibu zote huishia irabu na kubahatisha kunakuwa rahisi. Ni kweli, na kwa sababu hiyo hiyo neno la uongo hupenya kirahisi zaidi, hivyo umakini unaotakiwa ni mkubwa. Wanafunzi wa uuguzi pale Nyankunde wanalijua hili: homa inaingia kwenye malaria, inaingia na kwenye taifodi, kwa hiyo damu hupelekwa maabara.

Basi watungaji wa mafumbo magazetini wasiache jibu likatwe na neno moja tu, na wewe unayejaza, anza na penseli.