Bega Lililonyanyuka Mbele ya Watu Milioni 33

Mkono wa refa unapiga turubai mara moja. Bega la kushoto la Hulk Hogan linanyanyuka. Refa anapiga mara ya pili, bega liko juu. Anapiga ya tatu, bado liko juu, na kengele inalia. Ubingwa uliodumu siku 1,474 umekwisha kwa hesabu ambayo hata mtoto wa chekechea angeikataa.

Hiyo ilikuwa Ijumaa, tarehe 5 Februari 1988, katika ukumbi wa Market Square Arena mjini Indianapolis, na kipindi cha kampuni ya WWF, ambayo leo inaitwa WWE, kiliitwa The Main Event. NBC ilikirusha moja kwa moja katika zile saa za jioni ambazo familia ya Kimarekani huwa imekaa sebuleni. Tangu miaka ya 1950 mieleka haikuwa imepewa nafasi ya namna hiyo kwenye kituo kikubwa. Idadi inayotajwa ya watazamaji ni milioni 33. Kipimo cha Nielsen kilisoma 15.2, maana yake katika kila nyumba 100 zenye televisheni nchini Marekani, 15 zilikuwa zikimwangalia Hogan akidhulumiwa. Hakuna kipindi cha mieleka nchini humo kilichofika hapo, kabla yake wala baada yake.

Sisi wa Tanzania Bara mwaka ule hatukuwa hata na kituo kimoja cha televisheni. Mieleka ilitufikia baadaye sana, kwa kaseti ya VHS iliyokwishazunguka mikononi mwa watu, ndani ya banda la video lenye mabenchi ya mbao na pazia la kanga mlangoni. Ubishi ulikuwa ule ule kila wiki: hawa wanapigana kweli au wanaigiza? Mwenye banda alikuwa na dawa yake. Kelele zikizidi alizima televisheni, na ghafla kila mtu alikubali kwamba wanapigana kweli.

Nimekitazama tena kipindi chenyewe, safari hii picha ikiwa safi. Kama pambano la mieleka, niseme bila kuficha, ni baya. André the Giant, yule Mfaransa aliyetangazwa kuwa na urefu wa futi 7 na inchi 4, alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mgongo mwaka 1986, na kila akipata nafasi anashika kamba ya juu kama mzee anayeshuka ngazi. Anakaba, anapiga kichwa, anapumzika. Hogan anafanya kazi ya kurushwa na ya kurusha. Dakika kama tisa hivi na mambo yamekwisha.

Ila hakuna aliyekaa mbele ya televisheni kwa ajili ya ufundi. Kisa kilikuwa kimepikwa kwa miezi. Tajiri Ted DiBiase, aliyejiita mtu wa dola milioni, alitaka kuununua mkanda wa ubingwa, Hogan akakataa kuuza, basi tajiri akamkodi André amchukulie. Na pale André alipombana Hogan kwa hesabu ile ya wizi, akaingia refa wa pili ulingoni, sura ile ile, nywele zile zile. Marefa wawili wakaanza kunyoosheana vidole. Aliyeingia alikuwa Dave Hebner, refa ambaye watazamaji walimzoea. Aliyehesabu alikuwa Earl Hebner, pacha wake wa kuzaliwa, aliyetolewa kampuni pinzani ya Jim Crockett Promotions siku chache kabla. Watazamaji waliambiwa kwamba tajiri amemlipa mtu akabadilishwa sura hospitalini ili afanane na Dave. Kweli yenyewe, kwamba mama mmoja alijifungua watoto wawili, ilikuwa rahisi mno, ndiyo maana haikutumika.

Rekodi ya pili ya usiku ule ilipatikana hapo hapo. André aliukabidhi mkanda kwa DiBiase mara moja, na vitabu vya kampuni vinaandika kwamba ubingwa wake ulidumu dakika 1 na sekunde 48. Hakuna bingwa wa mkanda huo aliyekaa muda mfupi kuliko yeye. Na hata huo muda mfupi aliumaliza kwa kuteleza ulimi. Akiwa mbele ya kipaza sauti, André alitangaza kwamba anamwachia DiBiase ubingwa wa timu za wawili wawili, mkanda ambao hakuwa nao. Ningekuwa wakili wa Hogan ningeanzia hapo.

Hogan hakutafuta wakili. Alimnyanyua Earl juu ya kichwa na kumrusha nje ya kamba, kwa nguvu iliyozidi kipimo, jamaa akapita juu ya waliotakiwa kumdaka na kutua kwenye njia ya kuingilia. Rais wa kampuni kwenye hadithi, Jack Tunney, baadaye aliutangaza mkanda kuwa hauna mwenyewe. Mashindano ya kumpata bingwa mpya yakafanyika kwenye onyesho la WrestleMania IV, tarehe 27 Machi 1988 mjini Atlantic City, na Randy Savage akaondoka nao.

Savage huyo huyo alikuwa amepigana mapema katika kipindi cha Indianapolis, dhidi ya Honky Tonk Man, bingwa wa mkanda wa Intercontinental. Alishinda, lakini kwa mpinzani kuhesabiwa nje ya ulingo, na kwa kanuni zao mkanda hauhami kwa ushindi wa namna hiyo. Kwa vichochoro kama hivyo Honky Tonk Man aliukalia ubingwa siku 454, mpaka Ultimate Warrior alipomng'oa Agosti 1988 kwa takriban nusu dakika. Rekodi hiyo ilikaa zaidi ya miaka 30. Aliyeivunja ni Gunther wa Austria, siku 666, kati ya Juni 2022 na Aprili 2024, tena kwa kuwapiga watu vifua mpaka vikawa vyekundu.

Refa mwizi kuliko wote

Hapa sina mshindani wa kumweka: Earl Hebner. Wizi wa 1988 ulikuwa wa maigizo, kila mtu ulingoni akijua zamu yake. Miaka tisa baadaye, tarehe 9 Novemba 1997 mjini Montreal, Earl aliagiza kengele ipigwe wakati Bret Hart amekabwa miguu na Shawn Michaels. Hart hakuwa amekubali kushindwa, na hakuna aliyemwambia kwamba angepoteza mkanda kwa njia hiyo mbele ya Wakanada wenzake. Alikuwa anahamia kampuni pinzani, na Vince McMahon, mmiliki wa WWF, aliogopa aondoke na mkanda. Mtu mmoja, wizi wa uongo mmoja na wa kweli mmoja. Sijui fani nyingine ambayo refa ana wasifu kama huo.

Umati mkubwa, uliotiwa chumvi

WrestleMania III ya Machi 1987, Hogan na André tena, ilitangazwa kuwa na watu 93,173 katika Pontiac Silverdome. Wanahabari wa mieleka wanaishusha hadi kama 78,000. WrestleMania 32 ya mwaka 2016 huko Texas ilitangazwa 101,763, na baadaye McMahon mwenyewe akaeleza kwamba hesabu hiyo ina wakata tiketi na waelekeza viti ndani yake. Promota wa mieleka akihesabu watu ni kama mama mkwe akihesabu zawadi: hasemi uongo, ila anachagua pa kuanzia. Kubwa kuliko zote ni ile ya Pyongyang, siku mbili za Aprili 1995, Antonio Inoki na Ric Flair wakifunga kazi siku ya pili. Waandaaji walitaja zaidi ya watu 150,000 kila siku. Katika nchi ambayo mtu akiambiwa aende uwanjani anakwenda, namba hiyo naiweka kando.

Ndiyo maana napenda zaidi rekodi za televisheni. Kifaa cha Nielsen hakijui nani shujaa na nani mhuni.

Sentensi iliyogharimu watazamaji wengi

Kati ya 1996 na 1998, Jumatatu usiku, kipindi cha Nitro cha kampuni ya WCW kiliishinda Raw ya WWF kwa wiki 83 mfululizo. Mfululizo huo ulikatika tarehe 13 Aprili 1998. Lakini usiku ninaoutamani zaidi kuusimulia ni wa 4 Januari 1999.

Nitro ilikuwa hewani moja kwa moja kutoka Georgia Dome, Atlanta. Raw ya siku hiyo ilikuwa imerekodiwa siku chache kabla huko Worcester, Massachusetts, kwa hiyo matokeo yake yalijulikana. Mtangazaji wa Nitro, Tony Schiavone, akaagizwa ayatoboe: kwamba kwa wapinzani, Mick Foley, yule aliyewahi kupigana kwao kwa jina la Cactus Jack, atachukua ubingwa leo. Akaongeza kejeli kwamba hilo litawajazia viti kweli kweli. Wazo lilikuwa kwamba mtazamaji akishajua mwisho hana sababu ya kubadili kituo.

Watu zaidi ya laki tano walibadili kituo. Foley alikuwa mnene, sikio moja sehemu kubwa halipo, mtu ambaye hakuna aliyefikiri angepewa mkanda mkubwa, na ndiyo maana walitaka kumwona kwa macho yao. Stone Cold Steve Austin akaingia na kiti, akamtandika nacho The Rock, bingwa wa siku hiyo, akamburuta Foley na kumlaza juu yake, moja, mbili, tatu. Ukumbi wa Worcester ulilipuka kwa kelele ambazo mpaka leo zinapasua spika. Waliobaki Nitro walimwona Hogan, ambaye wakati huo alikuwa WCW, akimgusa Kevin Nash kifuani kwa kidole kimoja, na Nash, mtu wa karibu futi saba, akaanguka chali kama gunia na kuachia ubingwa kwa hiari. Raw ikapata 5.7, Nitro 5.0. Machi 2001 WCW ilinunuliwa na WWF.

Kilele cha Raw yenyewe kwa kipindi kizima ni 8.1, tarehe 10 Mei 1999. Wanaoitaja husahau kusema kwamba usiku huo Nitro haikuwa hewani. Kukimbia peke yako ukawa wa kwanza si aibu, ila isemwe.

Saa nzima, halafu sekunde

Tarehe 19 Februari 2018 Raw ilipanga watu saba waingie mmoja baada ya mwingine, anayeshindwa anatoka. Pambano likaenda karibu saa mbili, refu kuliko yote katika historia ya kipindi hicho. Seth Rollins alikaa ulingoni zaidi ya saa moja, akawatoa Roman Reigns na John Cena kabla ya kutolewa na Elias. Aliyeshinda ni Braun Strowman, na ukimuuliza shabiki leo ni nani alishinda, tisa kati ya kumi watakwambia Rollins.

Mwaka mmoja baadaye SmackDown, kipindi kingine cha WWE, ilitumia mtindo ule ule, na Kofi Kingston, aliyeingizwa kwa sababu mwingine aliumia, naye akapita saa moja, akiwaangusha Daniel Bryan, Jeff Hardy na Samoa Joe. Umma ukamng'ang'ania. Tarehe 7 Aprili 2019 akawa bingwa wa WWE wa kwanza aliyezaliwa Afrika, mtoto wa Ghana, na wanawe wakapanda ulingoni kumkumbatia. Ubingwa aliunyang'anywa tarehe 4 Oktoba mwaka huo huo, siku SmackDown ilipohamia Fox: Brock Lesnar alimpandisha mabegani, akamtupa, akambana. Chini ya sekunde kumi. Mtu aliyestahimili saa nzima Februari hakupewa hata nafasi ya kurusha teke Oktoba. Kwangu huo ndio uamuzi mbaya kuliko wote uliopitishwa na waandishi wa kipindi cha mieleka, na sijapunguza hasira.

Kuna jingine la kuchekesha hapo. Kingston alipoanza alitambulishwa kama Mjamaika. Na miaka ya 1980 kampuni hiyo hiyo ilikuwa na Kamala, "jitu la Uganda", aliyeingia ulingoni miguu mitupu, uso umechorwa, na mkuki mkononi. Jina lake halisi James Harris, mzaliwa wa Mississippi. Kwa hiyo Mmarekani alifanywa Mganda na Mghana akafanywa Mjamaika. Jiografia mbovu kuliko zote nimewapa.

Kuzomewa kukubwa

Raw ilizaliwa tarehe 11 Januari 1993 katika ukumbi mdogo wa Manhattan Center, New York, kipindi cha saa moja. Wiki mbili na ushee baadaye André alifariki Paris. Tarehe 6 Januari 2025 kipindi kikahamia Netflix kutoka Intuit Dome, California, kwa mkataba wa miaka 10 na dola bilioni 5. Netflix ikatangaza watazamaji milioni 4.9 duniani kote. Kwa dunia ya leo hiyo ni namba kubwa, na ni chini ya sehemu moja ya sita ya Indianapolis.

Hogan alikuwepo. Alitoka na bendera na tabasamu lile lile, na ukumbi ukamzomea tangu alipofungua mdomo mpaka alipofunga. Wengi hawakuwa wamemsamehe maneno ya kibaguzi dhidi ya watu weusi yaliyofichuka mwaka 2015. Alifariki tarehe 24 Julai 2025.

Dave Hebner, refa halali wa usiku ule, alitangulia mwaka 2022. Ukiipata picha ya Indianapolis, usimtazame jitu wala tajiri. Tazama bega la kushoto, na uhesabu mwenyewe.