Mkojo wa Kiangazi na Mkojo wa Masika: Kwa Nini Majibu ya Maabara Hutofautiana



Mpenzi msomaji, hapa Kamsamba, bondeni karibu na Ziwa Rukwa, neno UTI limekuwa la kila siku kama malaria. Mama anatoka kupima, anaambiwa mkojo ni mchafu, anapewa dawa. Shida huanza nyumbani, mume anapouliza ameutoa wapi ugonjwa huo. Ndoa zinaingia doa kwa sababu ya karatasi ya maabara ambayo hakuna aliyeieleza.

Tuanze na tofauti ya mwanamke na mwanaume. Mrija wa kutoa mkojo kutoka kwenye kibofu una sentimita 4 hivi kwa mwanamke, na karibu 20 kwa mwanaume. Tena kwa mwanamke tundu lake liko jirani na njia ya haja kubwa, ambako bakteria wanaosababisha UTI nyingi huishi siku zote bila kudhuru. Safari yao ni fupi, basi wanafika. Karibu nusu ya wanawake wote huupata ugonjwa huu angalau mara moja maishani. Tendo la ndoa laweza kuwasukuma ndani bakteria hao hao wa mwili wake mwenyewe, hata kwa wanandoa waaminifu kabisa. Ujauzito nao hulegeza mirija ya figo, mkojo ukatuama. Kwa wanaume hali hubadilika uzeeni: tezi dume ikivimba, kibofu hakimaliziki, na mzee naye anaanza kupata majibu ya namna hiyo.

Majira je? Mwezi wa Oktoba bonde letu ni tanuri. Mtu anatoka jasho shambani na maji ya kunywa ni ya kubeba. Mkojo unakuwa mchache na mzito, kibofu hakisafishwi, na mawe ya figo hupata nafasi, zaidi kwa wanaume. Mkojo mzito unaweza hata kuonyesha protini kidogo kwenye kijiti cha kupimia wakati figo ni nzima.

Lakini majira hayamgusi mgonjwa peke yake. Yanagusa kipimo pia. Mkojo uliokaa kwenye joto zaidi ya saa mbili huzalisha bakteria ndani ya kichupa, hivyo ule uliobebwa kutoka nyumbani asubuhi na kufika maabara saa sita waweza kuleta jibu la uongo. Masika, vijiti vikiachwa wazi hunyonya unyevu na kubadilika rangi bila sababu. Damu ya hedhi ikiingia kwenye kichupa, kijiti kinasema kuna damu kwenye mkojo. Na masika ndiyo wakati wa malaria: homa ya mbu na bakteria wachache kwenye mkojo hukutana kwa mtu mmoja, naye anatoka na mfuko wa dawa za magonjwa mawili. Antibiotiki zinazomezwa bila haja ndizo zinazowafundisha bakteria usugu.

Kuna tofauti nyingine inayohusu mashamba ya mpunga. Kichocho cha mkojo, kinachojulikana sana Zanzibar na Kanda ya Ziwa, huletwa na mdudu anayetoka kwa konokono wa maji yaliyotuama na kupenya ngozi ya anayeingia majini. Mayai yake huonekana kwenye mkojo baada ya miezi miwili au mitatu, kwa hiyo aliyeambukizwa wakati wa kupandikiza mpunga anaweza kukojoa damu wakati wa kuvuna. Wavulana hukipata wakiogelea, wasichana na akina mama wakifua na kupanda. Kwa msichana, damu hiyo hudhaniwa ni hedhi au ugonjwa wa zinaa, na anaona aibu kusema.

Sisi wanafunzi wa falsafa tunafundishwa kutohukumu wote kwa kuona baadhi. Daftari la hospitali linaandika waliofika tu. Akina mama wajawazito hupimwa mkojo kliniki hata wakiwa wazima. Wanaume wengi hungoja mpaka maumivu yawashinde. Wakati wa palizi, wengi hawaji kabisa. Idadi ikipanda baada ya mavuno, huenda ni kwa sababu watu wamepata nafasi na nauli.

Kwa hiyo unapokwenda kupima, jisafishe, acha mkojo wa kwanza upite, kinga wa katikati, na utoe hapo hapo maabara. Kama ni siku za hedhi, mwambie mpimaji. Kama kinachotafutwa ni kichocho, muda mzuri ni kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa kuwa ndipo mayai hutoka kwa wingi. Hapo mkojo wa mwisho ndio unaofaa zaidi, na darubini huona kuliko kijiti.