Cheti cha bure kwa seva ya ndani (Sehemu ya Tatu)

Wiki iliyopita tuliiacha seva ya shule chini ya meza ya mhasibu, anwani yake 192.168.1.20, na kila mwalimu anayefungua ukurasa wa alama anakutana na onyo la kivinjari. Wameshalizoea. Wanabonyeza "endelea" bila kusoma, na mazoea hayo yananitisha kuliko onyo lenyewe: siku mtu akijipenyeza kweli kwenye Wi-Fi, onyo litakuwa lilelile na kidole kitabonyeza palepale.

Sasa, Let's Encrypt, wanaogawa vyeti bure tangu mwishoni mwa 2015, wataikaguaje mashine isiyoonekana kwenye intaneti? Hawaikagui. Cheti hushuhudia jina, si mashine. Ndiyo maana seva.local haipati cheti: jina hilo halina mwenyewe, shule mia zinaweza kulitumia kwa siku moja. Shule inunue jina lake halisi, tuseme linaloishia na .sc.tz.

Kisha programu kama Certbot huomba cheti, na hurudishiwa msururu wa herufi. Msururu huo unawekwa kwenye DNS ya shule, katika rekodi ya TXT iitwayo _acme-challenge. Let's Encrypt wakiusoma pale, wameridhika kwamba jina ni lako. Hakuna mlango uliofunguliwa kwenye rauta. Kilichobaki ni kulielekeza jina kwenye 192.168.1.20. (Rauta nyingine hukataa jina la nje likielekeza ndani, basi liandike kwenye rauta yenyewe.)

Cheti hicho hudumu siku 90, na kukihuisha kwa mkono ni kujitafutia lawama wakati wa mitihani. Kwa hiyo, kabla ya kulipia DNS, waulize watoa huduma kama wana API, yaani njia ya programu kuiandika rekodi ile yenyewe bila mkono wako. Ila ufunguo wa API unaoweza kubadili rekodi zote za shule, barua pepe zikiwemo, usiuache chini ya meza ya mhasibu. Omba wenye mamlaka juu ya rekodi ile moja tu.

Na jambo ambalo wauzaji hawalitaji: kila cheti huandikwa kwenye daftari la wazi ambalo yeyote duniani analisoma. Ukiombea cheti jina linaloanza na "mishahara", umeshatangaza ulipo mfuko. Tangu 2018 unaweza kuomba cheti cha nyota, *.ndani mbele ya jina la shule, na daftari litaonyesha nyota tu.