Matende na Mabusha: Limfu Inapokosa Njia ya Kurudi

Watu wa pwani ya Lindi, kuanzia Kilwa hadi Mchinga, wanayajua matende na mabusha tangu enzi za mababu. Wapo wanaosema busha huletwa na madafu, wengine husema ni la ukoo au la kutupiwa. Chanzo halisi ni mnyoo, na ili kuelewa anavyoharibu mwili, tuanze na damu yenyewe.

Mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi. Inapopita kwenye vishipa vyembamba kuliko unywele, majimaji yake huchujika na kulowesha nyama za mwili, yakizipelekea chakula na oksijeni. Sehemu kubwa hurudi kwenye damu, lakini kila siku takribani lita 3 hubaki nje. Mishipa ya limfu ndiyo huyakusanya majimaji hayo, ambayo yakishaingia humo huitwa limfu.

Limfu haina moyo wa kuisukuma. Huenda kwa mishipa yake kujibana na kwa misuli kucheza tunapotembea, huku vali ndogo zikiizuia isirudi nyuma. Njiani hupita kwenye tezi ambako chembe nyeupe hupambana na vijidudu. Tezi hizo zikivimba kinenani kwa sababu ya kidonda cha mguu, twasema mtu ana mtoki. Mwisho limfu humiminika kwenye vena kubwa chini ya mitulinga na kuwa damu tena.

Mnyoo *Wuchereria bancrofti* hufanya makao katika mishipa hiyo. Huletwa na mbu, hasa baada ya kuumwa mara nyingi kwa miezi au miaka, na akikomaa huishi miaka 6 hadi 8. Mishipa hutanuka, vali hushindwa kufunga, limfu hutuama. Mguu huvimba ukawa tende. Maji yakijaa kwenye mfuko unaozunguka korodani, ni busha.

Watoto wa mnyoo huyu huingia kwenye damu na kuzunguka zaidi usiku wa manane, saa ambazo mbu aina ya *Culex* wanauma. Ndiyo maana vipimo vya darubini huchukuliwa kati ya saa 4 na saa 8 usiku. Mtu anaweza kuwabeba kwa miaka bila dalili yoyote, na mbu akawachukua na kuwapeleka kwa jirani.

Hapo ndipo ilipo maana ya kingatiba, yaani mpango wa kugawa dawa za kukinga ugonjwa, ulioanzia kisiwani Mafia mwaka 2000. Ivermektini na albendazoli huwamaliza watoto wa mnyoo, lakini minyoo wakubwa wengi hubaki hai. Kwa hiyo dawa hurudiwa kila mwaka, kwa miaka isiyopungua 5. Mgawa dawa akibisha hodi, anayejiona mzima naye ameze, isipokuwa mjamzito, mtoto mdogo au mgonjwa mahututi.

Mwenye tende aoshe mguu kila siku kwa sabuni na maji safi, akaushe vizuri katikati ya vidole, auinue anapopumzika na aufanyishe mazoezi. Bakteria hupenya kwenye nyufa za ngozi na kuleta homa na maumivu, na kila shambulio huzidi kuiharibu mishipa. Mwenye busha asijifiche: aende hospitali. Upasuaji wake si mkubwa, na baada ya kupona ataweza kurudi shambani au baharini.